Ufukwe wa mjini: bustani ikishapendezeshwa, inabaki ya nani? (Coco, Forodhani, Mama Ngina)

Mvinje (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mjadala wa fukwe za mjini ukianza hapa jamvini haufiki ukurasa wa pili kabla watu hawajagawanyika. Hawa wanataka hoteli na "hadhi ya jiji", wale wanataka waachiwe upepo wao. Mimi sina ugomvi na ujenzi. Dar ni mji wa bahari, bandari iko pale, feri iko pale, barabara lazima zipite. Ninachouliza ni hiki: kile kipande cha wazi kilichobakia kando ya maji, kitabakije cha wote miaka 30 ijayo?

Jibu langu, mnipige mawe mkitaka, ni kwamba nyasi hazijilindi. Eneo la wazi lililo kimya ndilo linalomegwa kwanza. Chukueni Bustani ya Mimea ya hapa mjini. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, leo ni kipande kilichobanwa na majengo, na wengi wenu humu mnapita kando yake bila kujua ni nini. Nani alilia ilipokuwa inapungua? Kisha tazameni Coco Beach kule Oysterbay. Ufukwe ule umegombewa mpaka mahakamani, na kila ukiguswa jiji zima linapiga kelele, kwa sababu Jumapili jioni watu wako pale: familia iliyopanda daladala mbili kutoka Mbagala, vijana wa mpira, watoto wa Oysterbay na baiskeli zao, na katikati yao muuza mihogo na muuza mishikaki. Wale wauzaji ndio walinzi wa eneo lile. Bango la halmashauri halijawahi kulinda kitu.

Sasa kila mradi wa kupendezesha ufukwe unaanza kwa kumwondoa nani? Huyo huyo muuza mihogo.

Jambo la pili ni sheria, na hapa wengi tunajidanganya. Tunapenda kutaja "mita 60". Ni kweli, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Lakini someni vizuri. Kifungu kile kinalinda mazingira. Hakisemi mimi na wewe tuna haki ya kupita pale. Mtu anaweza kurudisha jengo lake nyuma mita 60, akapanda ukoka mzuri mpaka mchangani, akaweka ua na mlinzi, na sisi tukabaki kuangalia bahari kwa mbali kupitia matundu ya seng'enge. Kijani kipo, ila si chetu.

Karibuni.

Chapchap

Nimekaa kwenye kona na mihogo yangu, pilipili nyingi. Endeleeni.

Mlipakodi

Mvinje, umeandika vizuri lakini umekwepa hela. Ardhi ya Oysterbay na Masaki ni miongoni mwa ardhi ghali nchini. Ekari moja pale ikipata mwekezaji wa maana, halmashauri inapata kodi, vijana wanapata ajira, na hela hiyo inajenga madarasa huko huko Mbagala unakosema watu wanapanda daladala mbili. Ukoka haulipi mshahara wa mwalimu. Na hao walinzi wako wa mihogo, nani anaokota vijiti vya mishikaki na chupa za maji Jumatatu asubuhi? Mimi hukimbia pale alfajiri, nayajua.

Kipanga wa Shangani

Assalaam alaykum nyote. Hili la wauzaji sisi Unguja tumeshalipitia, basi niseme kidogo.

Forodhani si bustani ya jana. Ilitengenezwa 1936, jubilei ya Sultani Khalifa kutimiza miaka 25 ya kiti. Baada ya Mapinduzi ikaitwa Jamituri, lakini mjini watu waliendelea kusema Forodhani tu. Kufikia miaka ya 2000 ilikuwa taabani. Ukuta wa bahari ukiliwa na mawimbi, taa hazipo, majani yamegeuka vumbi, na usiku moshi wa mishikaki unakutoa machozi. Shirika la Aga Khan la utamaduni likaifunga likaitengeneza upya, ikafunguliwa Julai 2009. Walijenga ukuta, mitaro, taa, njia za mawe, wakapanda miti.

Wauzaji waliondolewa wakati wa ujenzi, kisha wakarudishwa. Walipewa sehemu yao, safu yao na saa zao. Pale ndipo mradi ulipopona. Lau wasingerudishwa, ingekuwa bustani ya kupigia picha harusi na watalii wawili watatu wakisubiri boti. Leo magharibi ikiingia unakuta mama na wanawe wametandika mkeka upande wa majani, wazee wamekaa wakitazama bahari, vijana wanapiga makachu, wakijirusha majini kutoka ukutani huku wakishangiliwa, na upande wa pili moto unawaka, miwa inakamuliwa. Wote humo humo, na hakuna mlangoni anayekuuliza umekuja kununua nini.

Ila Mvinje, usiwapake wauzaji mafuta sana. Mtalii ameharibu bei. Wapo wanaomwita mgeni kwa Kiingereza na Kiitaliano, na mwenyeji akisimama mbele ya meza hatizamwi. Mtoto wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, akija na noti yake ya elfu mbili, anakula urojo nje ya bustani kabla ya kuingia. Bustani inaweza kuwa bure na bado ikakusukuma nje.

Binti Kizingo

Nami niwaletee ya Mombasa, maana naona mwaitaja Mama Ngina kwenye kichwa halafu mwaipita.

Sisi twaijua ile kabla haijaitwa "Waterfront". Ilikuwa barabara, mibuyu, majabali na mlango wa bahari, meli zaingia Kilindini karibu yako mpaka waona mabaharia. Jumamosi na Jumapili watu huteremka na magari, wengine kwa miguu, wakakaa juu ya ukuta wakala mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, kachiri, mabuyu na madafu. Hiyo ndiyo ilikuwa burudani ya mji mzima, tajiri na maskini.

2019 serikali kuu ikaja na mradi wa shilingi milioni 460 chini ya wizara ya utalii. Watu waligawanyika, na kesi zilienda kortini. Wengine waliogopea mibuyu na makaburi ya kale, wengine waliogopa kwamba wakishaweka ua basi kesho wataweka tiketi. Oktoba 20 mwaka huo sherehe za Mashujaa zikafanywa pale pale na ikazinduliwa.

Sasa nikwambieni ukweli wangu. Mibuyu ipo. Kuna vyoo, na mwanamke aliyewahi kutoka na watoto wadogo ajua choo ni kitu gani. Ukuta ni imara, na pa kutembea ni pazuri kuliko zamani. Lakini ule mpangilio wetu wa kale umekatwa. Zamani waegesha gari lako, wakaa mbele yake, muuza mihogo yu hapo hapo. Sasa vibanda viko mahali pamoja, bahari iko mahali pengine, na jua la saa nane hapo juu ya saruji ni la kukaushia samaki. Aliyechora alifikiria sherehe ya kitaifa, hakufikiria jioni ya Jumanne.

Na lile la mita 60 la Mvinje, huku kwetu lina nduguye. Katiba ya 2010, ibara ya 62, yasema ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Vizuri sana! Lakini utafikaje huko? Kuanzia Nyali mpaka Shanzu vijia vya kushukia baharini vyazibwa kimoja baada ya kingine. Mchanga ni wako, njia ni ya mwenye ploti. Ndiyo maana siku ya Idi pale Pirates, ufukwe wa umma, hapana pa kuweka mguu, kila mtu akimbilia mlango mmoja uliosalia.

Mvinje

Binti Kizingo, hiyo ya "mchanga ni wako, njia ni ya mwenye ploti" naiazima. Ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Kipanga, nimekuelewa kuhusu bei. Lakini hapo hapo Shangani, hatua chache kutoka Forodhani, kuna ule mfano wa pili. Jengo la kale la Mambo Msiige liligeuzwa hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015, pamoja na jengo jipya kwenye uwazi wa kando yake uliokuwa ukitumika na watu wa mtaa. UNESCO walilalamika, maana Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Malalamiko yakabaki kwenye makaratasi, hoteli ikabaki kwenye mchanga. Kwa nini Forodhani haikuguswa na pale paliguswa? Mimi nasema kwa sababu Forodhani kila usiku kuna mamia ya watu ambao wangeuliza.

Kipanga wa Shangani

Hapo umesema kweli nusu. Shangani pia palikuwa na watu, vijana wakicheza mpira maji yakipwa. Tofauti ni kuwa Forodhani ina jina, ina historia, ina mwenyewe anayejulikana. Uwazi wa Shangani ulikuwa uwazi tu. Mtu akiuliza "huu ni wa nani?" hapana aliyekuwa na jibu, basi jibu likaja na mwekezaji.

Mswahili wa Ziwa Michigan

Niko Chicago miaka mingi sasa, nimezaliwa Tanga. Mnavyobishana hapa ndivyo walivyobishana huku, ila wao walianza mapema.

Mwaka 1836, kabla mji haujawa mji, waliokuwa wanauza viwanja waliandika juu ya ramani kwamba ukanda wa kando ya ziwa ni ardhi ya umma, ubaki wazi milele bila jengo wala kizuizi. Maneno tu juu ya ramani. Baadaye wenye mji wakataka kujenga pale kila kitu: majengo ya manispaa, ghala la silaha, makumbusho. Mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, aliyekuwa na ofisi yake ng'ambo ya barabara, akafungua kesi 1890 kwa kutumia yale maneno. Alipigana mpaka mahakama kuu ya jimbo, mara nne, hadi 1911. Magazeti yalimtukana kwamba anazuia maendeleo. Alishinda, na ndiyo maana bustani ya Grant Park ipo.

Msimwone malaika. Alikuwa na mali yake inayotazama ziwa. Na hapa ndipo ninapomjibu Mlipakodi: majengo ya Michigan Avenue yanayoitazama bustani ile ni miongoni mwa yaliyo ghali mjini, kwa sababu mbele yake hapajengwi. Mji unakusanya kodi ya majengo kutoka kwao mwaka hadi mwaka. Ukiuza ule uwazi unapata hela mara moja, na thamani ya wote walio nyuma yake inashuka. Masaki na Oysterbay hesabu ni hiyo hiyo.

Wala si kwamba hawajengi kabisa. Millennium Park iliyofunguliwa 2004 imekaa juu ya reli na maegesho ya magari, na lile jukwaa kubwa la muziki waliliandikisha kama kazi ya sanaa ili lisihesabiwe kuwa jengo! Ujanja uko kila mahali. 2016 mtunzi wa filamu za Star Wars, George Lucas, aliacha mpango wa makumbusho yake kando ya ziwa baada ya kikundi cha watetezi wa bustani kwenda mahakamani, akaihamishia Los Angeles. Lakini kituo cha Obama kimejengwa ndani ya Jackson Park, na waliokishitaki walishindwa. Kwa hiyo karatasi inasaidia, haikuhakikishii.

Chapchap

Kumbe Obama kapata kipande cha bustani Chicago na barabara ya ufukweni Dar. Huyu jamaa anapenda upepo.

Fundi Ramani

Nimecheka Chapchap. Nifanye kazi ya kuchosha kidogo, maana mipango miji ndiyo inayonilisha.

Mmeongelea haki, hamjaongelea maji. Ufukwe wa mjini ndipo maji yote ya mvua ya mji yanapoishia. Ukisakafia ukanda wa mwisho kwa saruji, maji hayana pa kuzama, yanarudi barabarani. Jangwani inavyofurika tunaifahamu wote, na sasa mradi wa bonde la Msimbazi unajaribu kurudisha kile ambacho bonde lilikuwa linafanya lenyewe: kupokea mafuriko. Mpango ni kwamba sehemu kubwa ya bonde iwe bustani ya jiji, na pembeni pajengwe juu ya ardhi iliyoinuliwa. Hapo ndipo naona kujenga na kuacha wazi vikisaidiana. Bustani ile haitakuwa pambo. Ndiyo chombo chenyewe cha kuzuia mafuriko, na ujenzi wa pembeni hausimami bila hiyo. Anayetaka kuimega baadaye atakuwa anaziingiza maji nyumba za jirani zake, na huyo jirani atakuwa na wakili.

Kwa hiyo ukitaka kijani chako kidumu, kipe kazi ambayo mji hauwezi kuifanya bila hicho.

Upande wa bahari ni hivyo hivyo. Ule ukuta wa Barack Obama Drive uliozinduliwa 2018 ulijengwa kwa hofu ya bahari kula barabara, siyo kwa ajili ya matembezi. Matembezi yalikuja kama nyongeza, na leo ndiyo watu wanayoyajua. Mvinje umejiita jina la mti sahihi kabisa, mivinje na mikungu inavumilia chumvi na inatoa kivuli. Lakini kwenye michoro mingi utakuta mitende ya mapambo, kwa sababu kwenye picha ya kompyuta inapendeza. Mtende hautoi kivuli cha mtu mmoja mnene. Kama alivyosema dada wa Mombasa, mchana bustani inakuwa tupu, na bustani tupu ndiyo inayotamaniwa.

Mlipakodi, swali lako la chupa za Jumatatu ni la haki. Ila angalia ushuru wa vibanda na maegesho unakwenda wapi. Ukiingia kwenye kapu la jumla, bustani inaomba bajeti kama ombaomba na inapewa mwisho. Ukibaki kwenye bustani ile ile, kuna mfagiaji, kuna balbu, kuna maji chooni. Mchoro mzuri bila fungu la matunzo hukaa mwaka mmoja tu.

Ng'wana Capri

Mwanza hapa mnatusahau kila siku. Ziwa lote hili, lakini mtu wa kawaida akitaka kukaa kando ya maji bila kuagiza soda ana sehemu ya kuhesabu: pale kwenye bustani ya Jiwe la Bismarck na vipande vichache vingine. Kwingine kote ama hoteli, ama mwalo wa samaki, ama taasisi. Soda ndiyo tiketi.

Mlipakodi

Sawa, hoja ya kodi ya majengo nimeikubali kwenye makaratasi. Lakini hapa kwetu kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, kiwango kimoja kwa kila nyumba ya kawaida, awe anatazama bahari au anatazama dampo. Hiyo thamani ya Michigan Avenue sisi tunaikusanyaje? Mpaka hapo patengenezwe, halmashauri itaendelea kuona uwazi ni hasara na hoteli ni faida. Msilaumu diwani, anahesabu anachoweza kuhesabu.

Mswahili wa Ziwa Michigan

Mlipakodi, hiyo sikuijua, na ni pigo kwa hoja yangu. Kama kodi haifuati thamani ya mahali, uwazi hauna anayeulipia.

Fundi Ramani

Ndiyo. Zimebaki ada za pango la ardhi, ambazo angalau hutofautiana kwa eneo na matumizi. Si kubwa, lakini kwa viwanja vya biashara vya ukanda ule zinaweza kupandishwa bila kugusa mchanga hata chembe.

Binti Kizingo

Mwafanya hesabu, mimi nauliza la nyumbani. Mkipanga hizo bustani, kuna mwanamke aliyeulizwa? Taa, choo, pa kunyonyeshea, na njia ya kutoka isiyopita gizani. Wanaume mwatosheka na ukuta wa kukalia.

Kipanga wa Shangani

Dada, Forodhani kilichowaleta wanawake ni taa. Kabla ya hapo baada ya isha ilikuwa ya wanaume na moshi tu.

Mvinje

Wakuu, nimebadilisha kidogo msimamo. Nilidhani wauzaji na kelele zinatosha. Kipanga kanionyesha kuwa uwazi bila jina unaliwa hata ukiwa na watu, na Fundi kanionyesha kuwa kijani kisicho na kazi hakina wakili. Kwa wauzaji bado sitarudi nyuma: wakipangiwa sehemu, iwe ndani ya bustani na karibu na maji, kwa bei ya pango ambayo mama wa mihogo anaimudu.

Swali kwa Fundi Ramani: mimi raia wa kawaida, nikitaka kujua kipande fulani cha ufukwe kimeandikwa nini rasmi, naanzia wapi?

Fundi Ramani

Anzia ofisi ya mipango miji ya manispaa husika. Uliza mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, uangalie rangi na maandishi. Kama kimeandikwa eneo la wazi au burudani, umepata pa kusimamia. Kama kimeandikwa matumizi mseto, jua mlango uko wazi kwa yeyote. Kisha uliza kama kimepimwa na kama kina hati, na kwa jina la nani. Vipande vingi tunavyoviita vya umma havijawahi kupimwa. Halmashauri ikikipima na kuchukua hati kwa jina lake, atakayekitaka itabidi kwanza matumizi yabadilishwe, na mabadiliko hayo hutangazwa ili wananchi waweke pingamizi.

Mvinje

Nakwenda wiki ijayo. Nikipata chochote nitaweka hapa.

Chapchap

Beba hela ya fotokopi. Na ukiambiwa "njoo kesho", usije ukajibu "nitakuwa Coco".

Ng'wana Capri

Akimaliza Kinondoni aje Ilemela huku Mwanza, nauli nachangia.